Debe Moja Mpaka Chuka

Leseni ya Ireri Njagi ya kuendesha malori ilitolewa mjini Embu tarehe 14 Juni 1949. Kazi yenyewe alikuwa ameijua kabla ya hapo, jeshini, kwenye malori ya kubeba maji huko Uhabeshi, na katika miaka sita iliyofuata hakupindua gari wala kugonga hata mbuzi. Kwa barabara ya Embu na Meru ya wakati ule, hilo halikuwa jambo dogo. Ilikuwa ya udongo mwekundu, imejikunja ubavuni mwa mlima, na kila baada ya maili chache ilitumbukia kwenye bonde la mto, ikavuka, ikapanda tena kwa gia ya kwanza.

Mwaka 1955 lori aliloendesha lilikuwa la Ugas Shurie, mfanyabiashara Msomali wa Majengo, Meru. Lilichukua mahindi na viazi kutoka Meru na kuvishusha Embu, kwenye vijiji vipya ambamo serikali ilikuwa imewakusanya watu, kisha likarudi na maharagwe. Ilikuwa Hali ya Hatari, serikali ya Waingereza ikipigana na wapigania uhuru waliojificha msituni. Mwembu hakutoka kijijini bila pasi, na dereva Mwembu alikuwa mtu wa kuangaliwa mara mbili: alikuwa na sababu ya kuwa barabarani, na alikuwa na petroli.

Petroli haikununuliwa tu. Kwa kuwa mzigo ulikuwa wa serikali, Ireri alipewa petroli kwa madebe kutoka stoo ya polisi mjini Embu, na polisi walitaka kujua kila tone limekwenda wapi. Mwezi wa pili wa mwaka huo ghala moja la mahindi lilikuwa limeteketezwa, na waliofika kulizima walisema moto ule ulinuka petroli. Tangu siku hiyo watu walitafuta mkono uliokuwa ukiwapelekea watu wa msituni mafuta.

Ndipo lori la Ireri lilipoanza kunywa.

Siku zote debe moja lilimtoa Embu na kumfikisha Chuka, na baki kidogo. Kwanza baki lilikwisha. Kisha debe likawa linakatika mlimani kabla ya Chuka. Mwishowe lilikatika muda mfupi tu baada ya kuvuka Mto Thuci, na Ireri akalazimika kuomba debe na nusu kwa njia ileile aliyoizoea. Maji ya rejeta yalichemka kwenye kila mlima. Alilikanyaga lori mpaka mguu ukafika sakafuni, nalo likapanda kama mzee anayeenda msibani.

Inspekta wa polisi aliyesimamia stoo alikuwa Mwingereza kijana ambaye alikuwa ameshughulikia magari ya jeshi huko Malaya kabla ya kuja Kenya. Alimwita Ireri, akalipiga teke debe tupu lililokuwa mbele yake.

"Hii. Zamani moja nafika Chuka. Sasa wewe nataka moja na nusu. Ile nusu nakwenda wapi?"

"Gari linakula, bwana. Limebadilika."

"Gari nakula. Msitu hapana kula?"

Askari mwenye funguo za stoo alicheka, kisha akakohoa.

"Mimi msitu siujui, bwana," Ireri akasema. "Najua barabara."

"Sikiza mzuri. Sasa nakwenda Meru, tajiri yako natengeneza gari. Ukirudi, mimi namwaga petroli yote ya tanki, natia debe moja tu. Askari yangu nakaa pamoja na wewe. Kama nafika Chuka, mzuri. Kama hapana fika, wewe nakwenda Manyani, na ile watu ya Manyani nauliza wewe polepole."

Manyani ilikuwa kambi ya kizuizini, mbali kwenye nyika ya Ukambani na Taita. Kutoka kijiji cha Ireri peke yake watu kadhaa walikuwa wamepelekwa huko, na hakuna aliyekuwa amerudi.

Kijiji chenyewe kilikuwa safari fupi kutoka mjini, upande wa Runyenjes. Nyumba zilijengwa karibukaribu, zikazungukwa na handaki lenye vijiti vilivyochongwa, na langoni ilikuwepo posti ya homgadi, walinzi wenyeji walioshika bunduki za serikali. Jioni ile mkewe, Teresia, hakumkaribisha kwa chakula. Alisubiri avue shati, akalichukua, akalinusa kwapani na kwenye kola, akalinusa tena.

"Unatafuta nini?"

"Leo kwenye kazi ya handaki nilichimba peke yangu, Baba Kawira. Kila nilipokaribia kikundi, wanawake walihama. Mke wa karani akaniambia, 'Mwenzetu, nguo za mumeo unazifua kwa sabuni gani?' Wote wakacheka."

"Mimi ni dereva. Dereva asinuke petroli anuke nini, maziwa?"

"Niambie ukweli. Kuna mtu umempa? Hata chupa moja?"

"Hakuna."

"Hata kwa kutishwa?"

"Teresia, hakuna. Gari ni gonjwa."

Mkewe alilikunja shati. Halikuwa jambo la kumwamini au kutomwamini. Alikuwa na watoto wawili, na mke wa mtu wa Manyani hakupewa shamba wala posho.

"Basi ongea na Mutugi," akasema. "Si mtu wa rika lako? Yeye anasikilizwa pale posti."

Ireri na Mutugi walitahiriwa asubuhi moja kando ya Mto Ena, wamesimama bega kwa bega. Kwa Waembu, watu wa rika moja wana ruhusa ambayo hata ndugu hawana: hutukanana waziwazi, mbele ya yeyote, kuhusu jambo lolote, na tusi la mwenzako wa rika si kesi. Anayekasirika ndiye mwenye makosa, naye hutozwa pombe. Miaka yote Ireri na Mutugi walikuwa wakitukanana sokoni mpaka watu wanasimama kusikiliza. Kisha Mutugi akapewa bunduki na kitambaa cha homgadi cha kufunga mkononi. Hakuna aliyetangaza kwamba utani umekwisha. Ila siku ya kwanza walipokutana langoni, Ireri aliangalia ile bunduki na kusikia mdomo wake ukisema, "Jambo, afande," na Mutugi akaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo ikawa afande na kichwa, afande na kichwa.

Tena Mutugi ndiye aliyelifunga lori kila Ireri alipolala kijijini. Amri ilikuwa kwamba gari lisiachwe likiweza kuwaka. Homgadi walitoa rota, kipande kidogo cheusi chenye ulimi wa shaba kinachozunguka ndani ya distribyuta na kugawa cheche kwa kila plagi; bila hicho injini haiwaki. Mahali pengine madereva waliitoa wenyewe. Katika posti hii dereva mmoja alikuwa amekabidhi rota kuukuu na kuificha ile nzima, kwa hiyo homgadi hawakumwamini dereva tena. Ireri akifika, alichuchumaa akielekea uzio wa miti, mikono kisogoni, na Mutugi akafungua boneti. Asubuhi alirudishiwa rota na kuirudisha mahali pake huku mtutu ukimtazama.

Aliondoka kesho yake kwenda Meru akiwa na siri moja ambayo hakumwambia inspekta wala Teresia. Alikuwa amejaribu kulitibu lori mwenyewe.

Ua wa Ugas Shurie ulikuwa nyuma ya msikiti wa Majengo, karibu na mabucha, na magari yalitengenezwa chini ya paa la mabati huku kunguru wakigombania mifupa juu yake. Ugas, mzee mwenye ndevu za hina, alimleta fundi wake kutoka Kaaga, mtu mnene aliyeitwa Kiambi, ambaye mdomo wake ulifanya kazi zaidi ya mikono.

"Gari la kunywa lina tundu," Kiambi akasema kabla hata ya kulitazama. "Ni kama mlevi. Muulize mkewe, sio yeye."

Alijilaza chini ya tanki. Vumbi jekundu lililoganda pale lilikuwa kavu kote. Petroli ingelilowesha na kuacha alama nyeusi. Akafuata bomba kwa kidole mpaka kwenye injini. Pakavu. Akanyanyua magurudumu kwa jeki, moja baada ya jingine, akayazungusha kwa mkono kuona kama breki zinakamata. Yalizunguka huru. Akachomoa kijiti cha oili, akakinusa, maana pampu ikipasuka ndani humwaga petroli kwenye oili. Akampa Ireri naye anuse. Oili tupu. Chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi; wakalisafisha, na Ireri akapata tumaini, lakini Kiambi akatikisa kichwa. Vumbi lile lisingeweza kula nusu debe.

Kisha akafungua plagi, akaipeleka kwenye mwanga. Alitarajia masizi. Ilikuwa nyeupe kama mfupa.

"Haya ni maajabu. Gari linalewa halafu plagi zinasema linakufa njaa. Nani ameshika kabureta hii?"

Ireri aliangalia kunguru.

"Nakuuliza wewe, bwana dereva."

"Niliikaza skrubu ya kupitisha petroli. Kidogo."

"Ili linywe kidogo?"

"Ndiyo."

"Mzee Ugas, njoo usikie! Huyu amemnyima ng'ombe nyasi ili atoe maziwa mengi!" Akamgeukia Ireri. "Sasa likikosa nguvu unafanya nini? Unakanyaga zaidi. Ukikanyaga zaidi, linakunywa zaidi. Umelifunga mdomo likanywa kwa pua."

"Niliogopa," Ireri akasema.

Kiambi aliacha kucheka. Aliirudisha skrubu mahali pake, akawasha injini, akaiacha ingurume, akasimama akisikiliza. Bado ilikuwa nzito. Shingo ya ekzosi ilikuwa imegeuka rangi ya samawati kwa moto. Akazima, akapeleka mkono kwenye distribyuta ili afungue kifuniko, na distribyuta nzima ikazunguka mkononi mwake.

"Hii inacheza," akasema.

Halikuwa jambo la kutatanisha kwa mtu anayejua injini. Distribyuta hushikwa na kola ya chuma na bolti moja. Bolti ikilegea, kitu kizima hujizungusha kidogo kidogo, na cheche huanza kuchelewa. Cheche ikichelewa, petroli huwaka pistoni ikiwa imekwisha kuanza kushuka. Badala ya kuisukuma, moto hukimbilia ekzosi. Petroli yote inaungua, rejeta inachemka, na lori haliendi. Ndivyo ilivyokuwa, safari baada ya safari.

Kiambi aliirudisha distribyuta palipostahili, akiangalia alama za injini na kijitaa cha kupimia cheche. Kisha akachukua patasi na kukata mstari mmoja mwembamba uliopita juu ya kola na kushuka kwenye shingo ya distribyuta, ili mtu yeyote aweze kuona kama imesogea tena. Lakini alipokaza bolti, uso wake haukumpendeza Ireri.

"Uzi wa bolti umekwisha. Hii haikulegea kwa mitetemo, hii imenyongwa kwa mkono, mara nyingi. Nani anaigusa?"

"Homgadi. Wanatoa rota."

Ugas, aliyekuwa akichezea tasbihi, aliikunja kiganjani.

"Bolti mpya?" Ireri akauliza.

"Bolti na kola yake, Nairobi," Ugas akasema. "Mwezi ujao, Mungu akipenda."

"Nitaifunga kwa waya," Kiambi akasema.

"Waya kwenye injini? Homgadi akifungua boneti akaona waya, atasema ni bomu. Sitafika hata hiyo Chuka."

Ugas ndiye aliyesema lililokuwa wazi. "Ukimwambia yule Mzungu askari wake wameharibu gari, umewatukana askari. Ukinyamaza, wewe ni mwizi wa petroli. Wallahi, Ireri, bora ungeniambia injini imekufa."

Safari ya kurudi ilikuwa tamu kwa miguu na chungu kwa moyo. Lori lilipanda kutoka Mto Nithi kama lililofunguliwa kamba. Rejeta ilinyamaza. Ireri alijua kwamba uzima ule ungedumu mpaka langoni mwa kijiji chake tu.

Jua lilikuwa bado juu alipofika posti, akiwa ameshashusha mahindi Embu na kupakia maharagwe. Alichuchumaa akielekea uzio. Akasikia boneti ikifunguliwa, na safari hii akageuza shingo.

Rota ilikuwa imebana kwenye mhimili wake, kama ilivyo kawaida. Anayejua huivuta wima. Mutugi alikuwa ameikumbatia distribyuta kwa mkono wa kushoto, ameshika rota kwa mkono wa kulia, na alikuwa akinyonga mikono yote miwili kwa nguvu zake zote, kama anavyofungua mtu kibuyu cha uji kilichozibwa kwa gunzi.

Kitako cha bunduki ya homgadi mwingine kikamgonga begani. "Macho mbele!"

Usiku huo hakumwambia Teresia alichokiona. Angemwambia aende kwa Mutugi, na yeye mwenyewe hakujua kama Mutugi wa Mto Ena bado yupo.

Asubuhi inspekta alifika kwa Landrova na askari wake. Walikausha tanki la lori mpaka tone la mwisho, askari akamimina debe moja mbele ya homgadi wote waliokuwa wamekusanyika kutazama. Nyuma yao, ng'ambo ya handaki, wanawake waliokuwa wakienda kazini walisimama na majembe. Teresia alikuwa miongoni mwao, na nafasi ilikuwa imeachwa pande zake zote.

Mutugi akamkabidhi Ireri rota.

Ireri akainama ndani ya boneti. Mstari wa Kiambi ulikuwa umekatika vipande viwili, na kati ya kipande na kipande palitosha punje ya hindi. Akiizungusha kwa mkono wake, mbele ya bunduki zile, angekuwa mshukiwa aliyeonekana akichezea injini siku ya mtihani. Akiiacha, lori lingekatika mlimani baada ya Thuci, na askari angekuwa kando yake na pingu. Akimshitaki Mutugi kwa inspekta, angeweza kwenda Chuka na kurudi, na bado angelala kila siku chini ya bunduki ya mtu aliyemwaibisha.

Alisimama wima, rota mkononi. Akasema kwa Kiembu, kwa sauti ya sokoni:

"We Mutugi, hivi mama yako alikufundisha kufungua kibuyu, au mpaka leo unanyweshwa?"

Hakuna aliyecheka. Homgadi aliyemgonga jana alishusha bunduki kutoka begani.

"Umesemaje?" Mutugi akauliza.

"Nasema una mkono wa mwizi wa uji. Umelinyonga gari langu shingo mpaka limesahau njia. Hata jogoo wa wageni hanyongwi hivyo!"

Mutugi alisogea hatua moja. Alikuwa mtu mrefu, na uso wake haukuonyesha kitu chochote. Inspekta aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Ireri alisikia, mbali sana, jembe likianguka.

"Habari za mkono?" Mutugi akasema polepole. "Wewe ndiye wa kuniambia habari za mkono? Pale Ena mkono wako niliushika mimi, usije ukakimbia!"

"Nilikuwa naona baridi!"

"Baridi ya kisu!"

Homgadi mmoja alipasuka kicheko, kisha wote. Mutugi mwenyewe alicheka mwisho, kwa shida, kama mlango uliokaa muda bila kufunguliwa. "Baridi ya kisu," akarudia, akijifuta jicho. "Mama yake alimwekea blanketi!"

"Nini? Nasema nini?" inspekta akauliza.

Mutugi akanyooka. "Afande, anasema mimi natoa rota vibaya. Anasema nanyonga."

"Onyesha."

Mutugi akaonyesha, bila kuficha kitu, kama mtu anayeonyesha kazi yake. Akakumbatia, akanyonga. Inspekta hakuhitaji kuelezwa zaidi. Aliishika distribyuta, akaisogeza, akauona mstari uliokatika, akapiga mluzi mdogo. Akaomba spana. Mikono yake ilijua ilichokifanya: alilegeza kola, akakata kipande chembamba cha bati kutoka mfuniko wa debe, akakikunja na kukisokomeza ndani ya kola ili ibane, akaurudisha mstari ukawa mmoja, akakaza. Hakuomba radhi. Akajifuta mikono.

"Sasa nakwenda. Debe moja ni debe moja."

Ireri aliendesha kwa masikio. Kila mlio mpya ulikuwa bolti inayolegea, kila harufu ilikuwa petroli inayomwagika. Askari aliketi kando yake, bunduki katikati ya magoti, na baada ya Runyenjes akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, jambo lililomzidishia Ireri hofu. Kwenye mteremko wa Thuci mkono wake ulienda kwenye swichi ili azime injini na kuliacha lori liteleze bure.

"Usizime," askari akasema. "Aliniambia nikuangalie hapo."

Chini, darajani, magari ya jeshi yalikuwa yakipita. Mwanajeshi alinyoosha kiganja: wasubiri, na injini ziwe zinanguruma, kwa sababu hapo pamewahi kuwa na shambulio na hakuna gari lililoruhusiwa kusimama likiwa limezimwa. Walisubiri. Msururu ulikuwa mrefu, na nyuma yake ukaja mwingine. Ireri alihisi kila mlipuko wa pistoni kama tone linalotoka mwilini mwake.

"Bwana, mwambie inspekta kwamba hapa tumesimamishwa."

"Yuko nyuma yetu. Anaona."

"Anaona, lakini atahesabu?"

Askari akarudi kwenye wimbo wake.

Waliruhusiwa. Lori likaukamata mlima wa upande wa pili kwa gia ya kwanza, likaupanda, likapita kona ambapo safari zilizopita lilikuwa limekatika, na Ireri hakuthubutu kufurahi. Akapita kona nyingine. Magunia ya maharagwe yalilalamika nyuma. Alipoona mabati ya soko la Chuka, injini ilikohoa mara moja, kisha haikukohoa tena. Aliegesha mbele ya kituo cha polisi.

Inspekta alizamisha kijiti ndani ya tanki mwenyewe. Ncha ilitoka imelowa, upana wa kidole. Aliitazama, akamwonyesha askari, akakitupa kijiti.

"Mzuri," akasema. "Pasi yako nabaki na wewe."

"Asante, bwana," Ireri akajibu. Alikuwa amegeuka ili aketi kivulini mwa lori wakati inspekta alipomwita tena.

"Ile homgadi mrefu. Ndugu yako?"

"Hapana, bwana. Ni mtu wa rika langu."

"Rika nini?"

Askari ndiye aliyeeleza, kwa bidii ya mtu anayetaka kusaidia: kwamba hao ni watu waliotahiriwa pamoja, kwamba ni zaidi ya ndugu, kwamba mmoja hamkasirikii mwenzake wala hamfichi kitu, na wala hamtoi kwa adui. Inspekta alisikiliza mpaka mwisho.

"Na yeye ndiye nafunga gari yako kila siku. Peke yake."

"Bwana, Mutugi hana kosa," Ireri akasema. "Hakuna alichonifichia. Hata kuongea tulikuwa hatuongei."

"Hapana kosa," inspekta akakubali. "Lakini hapana rika. Rika mbili, gari moja, petroli yangu: hapana."

Aliingia kwenye Landrova, akaandika kitu huku amekishikilia kwenye usukani.

Kwa amri hiyo Mutugi alihamishiwa posti ya juu, ukingoni mwa msitu, iliyokuwa ikishambuliwa usiku na ambako homgadi wengine walikuwa wakiomba wasipelekwe. Jumatatu iliyofuata alipanda lori la Ugas na blanketi lake na bunduki yake, na aliyeamriwa kumpeleka alikuwa Ireri.